Ndege wa Risasi

Mwanzoni mwa The Maltese Falcon, filamu ya kozi wa Malta, kuna jambo dogo ambalo watazamaji wengi hulipita bila kuliona. Sam Spade na Miles Archer, wapelelezi wawili wenye ofisi moja San Francisco, wametoka kumsikiliza mteja mpya, mwanamke mrembo mwenye hadithi ya mdogo wake aliyetoroshwa. Mteja keshaondoka, wanaume wanabaki wakitaniana. Majina yao yameandikwa kwenye kioo cha dirisha, na mwanga wa nje unayalaza sakafuni kwa herufi za kivuli: Spade na Archer. Kamera inashuka kuyatazama, na tukio linaishia hapo. Usiku huohuo simu inalia gizani. Archer ameuawa. Asubuhi Spade anamwagiza katibu wake jina la mwenzake lifutwe milangoni na madirishani.

Aliyepanga picha ile alikuwa hajawahi kuongoza filamu hata moja. John Huston alikuwa na miaka 34 mwaka 1941, mwandishi wa filamu aliyeajiriwa na studio ya Warner Bros., na kazi aliyoruhusiwa kujaribia mkono haikuwa ya kugombaniwa. Riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1930 ilikuwa imeshatengenezwa na studio hiyohiyo mara mbili, mwaka 1931 na 1936. Ile ya pili waliigeuza kichekesho, na kozi mwenyewe, sanamu ya ndege ambayo wahusika wanaigombania, wakamgeuza pembe. Kwa hiyo Huston alikuwa anapasha kiporo, na kiporo cha mara ya pili.

Alichofanya ni kukiamini kitabu. Hammett aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton kabla ya kuwa mwandishi, na mazungumzo yake yana ukavu wa mtu aliyewasikia waongo wengi. Huston aliyachukua mazungumzo hayo karibu yalivyo. Na kwa kuwa aliwahi kujifunza uchoraji, akachora kila picha kabla ya kufika kazini: kamera ikae wapi, nani asimame mbele, nani aonekane mgongo. Studio ilimpa fedha kidogo na wiki chache za kiangazi. Mwenye michoro mkononi hapotezi asubuhi nzima akijiuliza aanzie wapi.

Spade angekuwa George Raft, nyota mkubwa wa studio wakati huo. Raft alikataa, hakutaka filamu ya kurudia wala mwongozaji asiyejulikana. Nafasi ikamwangukia Humphrey Bogart, mwenye miaka 41, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipewa majambazi wanaokufa kabla filamu haijaisha. Ninamshukuru Raft kila ninapoitazama.

Maana Bogart alikuwa na kipaji ambacho majambazi wale hawakukihitaji: alijua kusikiliza. Filamu hii ni ya maneno matupu, watu vyumbani wakidanganyana, na risasi zinazolia mbele ya macho yetu ni chache mno. Isipokuwa kifo cha Archer, karibu hakuna tukio ambalo Spade hayupo. Tunajua anachokijua yeye, kwa hiyo uso wake ndio tunaousoma. Kuna mahali anamfokea Gutman, bwana mnene anayemsaka kozi, anavunja glasi na kutoka chumbani kwa hasira. Akifika kwenye korido anatabasamu. Hasira ilikuwa ya kuigiza. Kisha anautazama mkono wake, na mkono unatetemeka. Anaucheka. Kwa sekunde chache, bila neno, tumeonyeshwa mtu anayejifanya mkali, anayejua kwamba anajifanya, na ambaye hata hivyo aliogopa. Mwigizaji mwingine angetaka hotuba hapo.

Bwana mnene alikuwa Sydney Greenstreet, Mwingereza wa jukwaani aliyekuwa na miaka 61 na hajawahi kusimama mbele ya kamera ya filamu. Mary Astor, aliyecheza yule mteja mrembo, alisimulia kwamba kabla ya tukio lake la kwanza mzee huyo alimwomba amshike mkono. Ukimwona kwenye filamu huwezi kuamini. Anacheka kwa tumbo zima, anazungumza kama mtu anayeonja kila neno, na hana haraka ya kwenda popote.

Hapa ndipo mpigapicha Arthur Edeson anapostahili kuzungumziwa kidogo. Huyu ndiye aliyepiga All Quiet on the Western Front na Frankenstein, mtu aliyezijua vita na vivuli. Kwa Greenstreet aliishusha kamera chini karibu na sakafu, tumbo likajaza picha, mnyororo wa saa ukining'inia juu yake kama nanga, na kichwa kikaonekana mbali kule juu, karibu na dari. Dari nayo ni habari. Vyumba vya studio siku hizo havikuwa na dari, kwa sababu taa zilitundikwa juu. Ukitaka kuionyesha, huna budi kuitafutia kila taa mahali pengine pa kujificha. Citizen Kane ya mwaka huohuo husifiwa sana kwa dari zake, na ni haki yake, lakini dari za Edeson zina kazi ya peke yake: zinawabana watu. Hakuna anayepumua vizuri katika vyumba vile.

Tukio ninalolirudia zaidi ni lile la wiski. Gutman anamsimulia Spade historia ya kozi: mashujaa wa Malta, zawadi ya mwaka 1539 kwa mfalme wa Hispania, maharamia, karne nne za wizi. Anasimulia huku akimjazia glasi yenye dawa. Ni maelezo marefu, ya aina inayomfanya mtazamaji aangalie saa. Meta Wilde, aliyekuwa akisimamia mwendelezo wa matukio, alikumbuka kwamba walilifanyia mazoezi siku mbili. Kamera iliwafuata wawili hao kutoka chumba hadi chumba, ikapanda, ikashuka, ikaenda kwenye uso wa Bogart unaolegea, ikageukia tumbo la Greenstreet kama Bogart anavyoliona. Mmoja akikosea hatua, wote wanaanza upya. Wasukuma kamera, washika taa, mwenye kipaza sauti, waigizaji wawili. Na matunda ya jasho lote hilo ni kwamba hatuioni kamera. Tunamsikiliza mzee na kuisubiri ile dawa.

Astor naye alikuwa na hila yake. Mwanamke anayemwigiza hasemi ukweli hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo kabla ya matukio mengi alikimbia kuzunguka seti ili aingie akihema, kama mtu ambaye uongo unamkimbiza. Peter Lorre, aliyezaliwa Hungaria ya zamani na kuikimbia Ujerumani Hitler alipoingia madarakani, anamwigiza mtu mwingine anayemsaka kozi, mwenye bakora, kinga za mikono na sauti laini. Kanuni za maadili za Hollywood zilikataza kumtaja shoga kwa jina. Kinacholetwa badala yake ni kadi yenye manukato: katibu wa Spade, Lee Patrick, anainusa, anataja ua moja tu, na Spade anaelewa.

Muziki wa Adolph Deutsch haunivutii. Mara nyingine unapiga kelele pale ambapo uso ungetosha. Na maaskari wawili ni wale wale wa filamu zote za miaka ile. Lakini jicho halirudi kwao. Linarudi mwishoni, kwenye mlango wa chuma wa lifti unaofungwa mbele ya uso wa Astor. Vyuma vile vinatuonyesha gereza kabla hajafikishwa huko, wakati Spade anateremka ngazi na sanamu ya kozi mkononi.

Mwaka 1946 filamu za Marekani zilizozuiwa na vita zilifika Paris kwa mkupuo, hii ikiwa mojawapo. Mhakiki Nino Frank akaziita filamu nyeusi, jina lililobaki hadi leo. Huston na Bogart walikuwa wameshaendelea na mambo yao. Mwaka 1951 walifika hadi huku kwetu, Kongo ya Wabelgiji na Uganda, kupiga The African Queen, iliyompa Bogart tuzo yake pekee ya Oscar.

Sanamu moja iliyotumika kwenye filamu ilipigwa mnada New York mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 4. Ni ya risasi, kama ilivyo hadithini: Gutman anaikwaruza kwa kisu akitafuta dhahabu na kukuta risasi tupu. Kiswahili kina bahati hapa, neno moja linabeba madini na kifo. Maana anayemleta kozi ofisini kwa Spade ni nahodha wa meli mwenye risasi mwilini na ndege wa risasi mikononi, amefungwa kwenye magazeti. Anasukuma mlango, anapepesuka, anamwachia Spade mzigo, anakufa. Yupo kwa muda usiofika dakika moja.

Nahodha huyo ni Walter Huston, baba yake mwongozaji, mwigizaji mkubwa wa enzi zake, aliyekuja kumtakia mwanawe heri katika filamu yake ya kwanza. Jina lake halimo kwenye orodha ya waigizaji.