Wallace Yuko Wapi?

Tamthilia nyingi za uhalifu humwachia mtazamaji swali moja: nani ameua? Katika sehemu ya 12 ya msimu wa kwanza wa The Wire, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, swali hilo halipo. Wauaji tunawaona, bastola tunaiona, hata mkono unaotetemeka tunauona. Hata hivyo, nilipomaliza kuitazama kwenye kompyuta niliyoazima kwa mwenzangu wa chumbani, nilishindwa kulala.

The Wire ilitungwa na David Simon, aliyekuwa mwandishi wa gazeti mjini Baltimore, Marekani, akishirikiana na Ed Burns, aliyewahi kuwa mpelelezi wa polisi na baadaye mwalimu. Msimu wa kwanza unahusu polisi wanaonasa simu za genge la wauza heroini. Wallace, kijana wa miaka 16 anayeigizwa na Michael B. Jordan, ni muuzaji mdogo katika genge hilo. Anaishi na watoto wadogo katika nyumba iliyoachwa bila mwenyewe. Asubuhi huwaamsha, huwagawia juisi na pakiti za krispi, kisha huwahimiza waende shule. Mimi ni kifungua mimba, na kwa miaka mingi nimewaamsha wadogo zangu vivyo hivyo. Tangu nilipoona jambo hilo, Wallace akawa ndugu yangu.

Lakini Wallace ana kosa. Alimwona kijana Brandon, aliyekuwa akisakwa na genge, akatoa habari. Brandon akateswa na kuuawa, na maiti yake ikaachwa karibu na mahali anapolala Wallace. Dhamira ikamsuta, akaanza kutumia dawa zile zile alizokuwa akiziuza, na mwishowe akawaeleza polisi anayoyajua. Wakampeleka kwa bibi yake kijijini. Huko akachoka na ukimya, akarudi mjini.

Wanaotumwa kumuua ni Bodie na Poot, marafiki zake. Wanakula naye, kisha wanapanda naye hadi chumbani kwake. Wallace anawakumbusha kwamba wao ni wenzake. Bodie anasita, anafyatua risasi. Poot anaichukua bastola na kummalizia. Hakuna muziki wa kutuliza. Kuna watoto watatu katika chumba kimoja, na mmoja hatatoka.

Mwenzangu aliniambia, "Amejitakia mwenyewe. Ameokolewa motoni, akaurudia moto." Tulibishana mpaka usiku wa manane. Mimi nilishika methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako, nikawalaani Bodie na Poot. Siku iliyofuata niliitazama tena sehemu ile, nikaona kwamba sote wawili tulikuwa tumekosea. Methali yangu ni ya kweli, lakini haitoshi. Bodie naye ni kijana aliyelelewa na genge. Amri imetoka kwa Stringer Bell, mtu mzima mwenye hesabu za biashara kichwani, ambaye hakukanyaga chumba kile. Na hoja ya mwenzangu inasahau kwamba kijana wa miaka 16 hawezi kuachwa ajilinde peke yake dhidi ya watu wa namna hiyo. Polisi walimfikisha kwa bibi yake, kisha mpelelezi mwenzao, Kima Greggs, akapigwa risasi. Tangu hapo hakuna aliyekumbuka kwenda kumtazama shahidi wao.

Hapo ndipo tamthilia hii iliponikamata. Polisi hawakuwa peke yao katika kusahau. Katika sehemu ya 11 yote nilikuwa nikijiuliza kama Kima atapona na kama wakubwa wa genge watakamatwa. Wallace, niliyemwita ndugu yangu, sikumuuliza. Watunzi waliniachia nimsahau, kisha wakanionyesha gharama yake. Kwa maoni yangu, huu ndio ubora wa sehemu hii: haimwachi mtazamaji akae kama hakimu, inamweka kizimbani pamoja na wengine.

Baadaye D'Angelo, aliyekuwa msimamizi wa Wallace mtaani, yumo gerezani. Stringer anamtembelea akiwa na wakili, wanataka kuzungumza kesi. D'Angelo hataki kesi. Anauliza jambo moja tu: Wallace yuko wapi? Anarudia, sauti inapanda, na kila anaporudia, Stringer anazidi kukosa pa kutazama.

Mwenzangu bado anashikilia kwamba Wallace asingerudi mjini, angekuwa hai. Ni kweli, na sina la kumpinga hapo. Lakini swali la D'Angelo halikuwa kwa nini Wallace alirudi. Aliuliza waliokuwa na wajibu wa kumtunza wamemweka wapi. Stringer aliondoka bila kujibu, na mimi pia nilikuwa sina jibu.