Mbuzi Jikoni: Kiswahili Mbele ya Mashine za Kuchora

Siku hizi anayetaka kufungua mkahawa hapa Kampala anaweza kuuona ukumbi wake kabla hata fundi hajaitwa. Anaandika sentensi moja, na programu ya akili mnemba inamletea picha papo hapo. Picha za matangazo nazo zimeanza kupatikana kwa njia hiyo hiyo. Wengi wamelijadili suala hili kwa upande wa ajira na hakimiliki. Sisi walimu wa Kiswahili tuna swali jingine: je, mashine hizi huisoma sentensi yetu?

Tuliwapa wanafunzi zoezi la kuagiza, kwa Kiswahili, picha ya jiko la pwani lenye kinu na "mbuzi iliyoegemezwa ukutani". Likaja jiko zuri, marumaru zinang'aa, na katikati amesimama mbuzi mwenye ndevu! Darasa lilicheka. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili hawezi kukosea hapa, kwani upatanisho wa kisarufi umekwisha kumwambia: iliyoegemezwa ni mbuzi ya kukunia nazi, aliyeegemezwa ni mnyama. Kadhalika kanga zilizotundikwa ni nguo, kanga waliotundikwa ni ndege. Maana yote imebebwa na kiambishi kimoja, na mashine imekiruka.

Sababu haiko mbali. Stable Diffusion, iliyotolewa mwaka 2022, ilifunzwa kwa sehemu kubwa kutokana na picha zenye maelezo ya Kiingereza, zilizochotwa katika hazina ya LAION-5B. Hazina hiyo ina jozi za picha na maelezo zipatazo bilioni 5.85, na zaidi ya bilioni 2.3 ni za Kiingereza.

Wapo watakaotushauri tuagize kwa Kiingereza, yaishe. Hatukubaliani nao. Zidaka za nyumba za mawe za Lamu zikishatafsiriwa huwa matundu tu ya ukutani, na ndivyo zinavyochorwa. Aidha, ukiagiza "sebule ya Kiafrika" kwa lugha yoyote unaletewa vinyago na ngozi ya punda milia. Lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, hakionekani, ingawa ndicho ambacho mteja wa Kampala angekitambua mara moja.

Kwenye matangazo udhaifu ni mwingine. Kanga ina pindo, mji na jina. Programu za mwanzo zilichora pindo na mji vizuri (tena kwa rangi za kupendeza), kisha mahali pa jina zikaweka vijiherufi visivyosomeka. Za karibuni zinaandika herufi sawasawa. Lakini tulipoomba jina tuliletewa salamu ya kawaida ambayo hakuna mwanamke wa pwani angeinunua ampelekee ujumbe jirani yake.

Muhula huu wanafunzi wanakusanya nomino zaidi za kuijaribu mashine. Hadi sasa wanazo paa, kaa, tai na tembo. Msomaji mwenye nyingine atuletee ofisini, pamoja na sentensi yenye upatanisho.