Milango kwanza, sabwufa mwisho: mpango wa muziki kwenye IST ya Tegeta

Mwenye Toyota IST mmoja wa Tegeta Nyuki alikuwa na fedha za kutosha kununua sabwufa ya inchi 12, boksi lake na amplifaya, pamoja na ushauri wa kijiwe kizima kwamba aanzie hapo. Akaanzia milangoni. Sabwufa ilikuja mwisho, ikiwa ndogo kuliko aliyoikusudia, na leo gari hilo linaimba kuyapita mengi ambayo buti zake zimejaa maboksi. Tuufuate mpango wake hatua kwa hatua, maana kilicholeta matokeo ni mpangilio wa kazi, wala si ukubwa wa vifaa.

Fundi aliyeshika kazi hiyo hakuanza na bajeti. Aliuliza: "Bosi, kinachokukera ni nini hasa?" Majibu yalikuwa manne. Redio hainasi baadhi ya stesheni, na inazozinasa zina mchakacho. Sauti ikipandishwa, inakwaruza. Besi ni nyembamba. Na mwimbaji anasikika kama amekaa ndani ya mlango wa dereva badala ya kuwa mbele ya kioo. Kati ya malalamiko hayo, moja tu ndilo linalofanana na kazi ya sabwufa, na hata hilo lilipona kwa sehemu kubwa kabla sabwufa haijanunuliwa.

Redio ya Japani, anga ya Dar

IST za mitaani kwetu nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani, na redio zake zilifuata masafa ya huko. FM ya Japani ilikuwa megahezi 76 hadi 90, na ni mwaka 2014 tu ndipo stesheni za kule zilipoanza kutumia nafasi ya kufikia 95. FM yetu ni 87.5 hadi 108. Masafa hayo mawili yanakutana kwenye kipande chembamba: kwa Dar es Salaam, Clouds FM ya 88.5 na Wasafi FM ya 88.9 zinaingia, EFM ya 93.7 inabaki nje.

Dawa ya haraka huwa ni ekspanda, kidude kinachochomekwa kati ya antena na redio. Kazi yake ni kuteremsha masafa yote kwa kiasi kimoja. Kikiteremsha megahezi 12, EFM utaikuta kwenye 81.7. Stesheni zinaongezeka kweli, lakini kila sauti sasa inapita kwenye sakiti nyingine ya bei ndogo, na stesheni zilizoteremshwa hupandana na zile zenye nguvu zinazopenya kwa njia yao ya kawaida. Mchakacho unazaliwa hapo. Hakuna spika ya kuusafisha. Ukifunga spika nzuri zaidi, utausikia vizuri zaidi.

Ndiyo maana redio ilitangulia kung'oka. Tundu la deshibodi za Toyota ni la milimita 200 kwa 100, pana kidogo kuliko kipimo cha kawaida kinachokaribia 180, hivyo redio ilichaguliwa ya kipimo cha Toyota ili pembeni pasibaki mapengo. Nyuma yake kuna plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Fundi alinunua plagi za kuunganishia na hakukata waya hata mmoja wa gari. Anayekata leo anamwachia fundi wa kesho kazi ya kubahatisha rangi za waya chini ya matabaka ya selotepu.

Dukani Kariakoo hawakushindania ukubwa wa skrini. Waliangalia mambo matatu: matundu ya RCA yaliyotenganishwa ya mbele, nyuma na sabwufa, krosova ya kugawa masafa, na uwezo wa kuchelewesha sauti kwa kila spika peke yake. Hilo la tatu ndilo litakalomtoa mwimbaji mlangoni.

Hesabu ya wati

Kasha la redio mpya liliandikwa wati 50 mara 4. Namba hiyo si ya uongo moja kwa moja, lakini inafaa kuifungua. Injini ikiwa inaunguruma, umeme wa gari ni volti 14.4 hivi, na redio ya kawaida haina cha kuupandisha. Zidisha 14.4 kwa 14.4, upate 207. Gawanya kwa omu 4 za spika, upate karibu 52. Hiyo ndiyo 50 ya kwenye kasha. Tatizo ni kwamba kiasi hicho hupatikana pale tu wimbi la sauti linapokuwa limekatwa juu na chini hadi likawa mraba, yaani redio imeshazidiwa. Wimbi zima, lisilokatwa, hubeba nusu yake: wati 26 kwenye karatasi, na ukitoa kinachopotelea ndani ya sakiti unabaki na 18 au 20.

Kwa hiyo kule kukwaruza hakukusababishwa na ubovu wa spika peke yake. Redio ilikuwa inaombwa wati ambazo haina, ikawa inakata mawimbi. Wimbi lililokatwa huzalisha nishati nyingi ya sauti za juu, na ndiyo maana twita, spika ndogo za sauti hizo, huungua hata kwenye mfumo unaoonekana mdogo. Watu husema spika imeshindwa na muziki mkubwa. Mara nyingi imeuawa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa.

Jibu lilikuwa amplifaya ya chaneli nne, na hapo tena kasha liliwekwa pembeni. Amplifaya inayotangaza wati 2000 ikiwa na fyuzi ya ampea 30 inajisema yenyewe: 30 mara 13.8 ni wati 414 zinazoingia, na kwa amplifaya za aina ya AB karibu nusu yake huishia kuwa joto. Kinachobaki ni wati 200 na kitu kwa chaneli zote. Za aina ya D hupoteza kidogo zaidi ya theluthi ya hapo, zinahifadhi karibu asilimia 80. Iliyochaguliwa ina uwezo wa kweli wa wati 60 kwa kila chaneli. Kutoka 20 kwenda 60 ni ongezeko la desibeli zisizofika 5, kwa sababu kila unapozidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Faida yake kubwa si makelele. Ni kwamba ngoma ikigonga ghafla, wimbi lina pa kupita bila kukatwa.

Mlango ndio boksi la spika

Hapa ndipo fedha nyingi za mpango zilipokwenda, na ndipo wengi hawatii hata shilingi. Vua kava la mlango wa IST, utaona bati lenye matundu makubwa yaliyofunikwa kwa nailoni. Spika inaposukuma koni mbele, upande wa nyuma unavuta. Sauti ya nyuma ni kinyume cha ya mbele. Sauti za juu haziathiriki sana, lakini besi ya nyuma hupenya kwenye matundu yale, ikakutana na ya mbele, zikafutana. Unaweza kuongeza wati hadi betri ilie. Besi itaendelea kufa mlemle mlangoni.

Kabla ya kuziba chochote, fundi alifanya jaribio linalogharimu betri moja ya rimoti. Alizigusisha nyaya za spika kwenye betri hiyo ya volti 1.5, mwisho wa chanya kwa chanya, akatazama koni. Mlango wa kulia, koni ilitoka nje. Wa kushoto, ikaingia ndani. Kuna fundi wa zamani aliyeunga nyaya kinyume, na kwa muda wote huo milango miwili ilikuwa inavutana: mmoja unasukuma hewa, mwenzake unaivuta. Zilipogeuzwa nyaya mbili, besi ilirudi kwa kiasi ambacho mwenye gari alidhani redio imebadilishwa tena.

Kisha ikaja kazi ya kuziba. Bati la nje lilibandikwa shiti za raba ya butili zenye karatasi ya alumini, ili lisitetemeke. Matundu makubwa ya bati la ndani yalifunikwa kwa vipande vigumu, nailoni ikabaki na kazi yake ya kuzuia maji. Mtu aliwahi kupendekeza lami ya kuzibia paa, ambayo maduka ya vifaa vya ujenzi ya Tegeta hadi Bunju yanayo tele na bei yake ni rahisi. Kwenye bati la gari lililoanikwa juani Dar, lami hulainika, ikateleza, na harufu yake haitoki. Butili ni ghali, ila haitembei.

Vitundu vidogo vya chini ya mlango havikuguswa. Maji ya mvua hupita kwenye raba ya kioo kila siku ya masika na kutokea hapo. Ukiviziba, mlango unageuka tangi na kutu inaanzia ndani. Kwa sababu hiyohiyo ringi ya kushikilia spika mpya za inchi 6 na nusu ilikuwa ya plastiki ngumu. Ya ubao wa MDF ingefyonza maji na kuvimba.

Waya, fyuzi na foleni

Amplifaya ilikaa chini ya kiti cha abiria, umbali wa mita 4 hivi za waya kutoka kwenye betri. Waya wa shaba wa milimita 21 za mraba ukipitisha ampea 40 kwa urefu huo hupoteza volti 0.13. Wa milimita 8 hupoteza 0.33, na ukiwa ni alumini iliyopakwa shaba unafika nusu volti. Kuutambua huo wa mwisho ni rahisi: kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, umeuziwa alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, na kwa magari yanayolala karibu na upepo wa chumvi wa Kunduchi huo ndio bora kuliko yote.

Fyuzi iliwekwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kulinda waya: ukikwaruzwa ukagusa bodi, pasipo na fyuzi hapo karibu, gari linawaka moto. Waya wa ethi ulikuwa mfupi, ukafungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi kung'aa, kisha ukapakwa grisi. Ule mlio unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta, mara nyingi chanzo chake ni ethi mbaya.

Suala la umeme ndilo lililopunguza sabwufa. Alteneta ya gari dogo kama hili ni ya ampea 80 hivi, na injini ikiwa sailensa haitoi zote. Sasa fikiria foleni ya barabara ya Bagamoyo usiku, kiyoyozi na taa vinawaka. Sabwufa ya wati 1000 za kweli huhitaji ampea 90 inapofika kileleni, zaidi ya uwezo wote wa alteneta. Ya wati 250 huhitaji 23. Ikachaguliwa ya inchi 10.

Boksi lake limezibwa pande zote, halina tundu la kupumulia. Boksi lenye tundu hutoa besi nyingi zaidi kwa wati zilezile, lakini koni huchelewa kutulia. Mwenye gari ni mtu wa singeli, na singeli ya mapigo 240 kwa dakika huleta pigo jipya kila robo sekunde. Koni isiyotulia kwa wakati hugeuza ngoma kuwa mvumo mmoja.

Kumtoa mwimbaji mlangoni

Krosova ilikatwa hezi 80: chini ya hapo ni sabwufa, juu ni milango. Geini, ambayo wengi huitumia kama kitasa cha sauti, iliwekwa kwa multimita. Kwa wati 60 na omu 4, kipeuo cha pili cha 240 ni volti 15.5. Mlio wa majaribio ukifika hapo, geini haisogezwi tena.

Dereva wetu hukaa kulia, kwa hiyo spika ya kulia iko sentimita 80 kutoka sikioni na ya kushoto 130. Kwenye hewa ya nyuzijoto 30 sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo sentimita 50 za ziada ni milisekunde 1.4. Redio ilichelewesha spika ya kulia kwa kiasi hicho. Kuhakiki, waliweka rekodi za bendi ya Mlimani Park za Radio Tanzania. Nyingi za enzi hizo ni za mono, sauti ileile kulia na kushoto, kwa hiyo mwimbaji anapaswa kusimama katikati kabisa. Akiegemea upande, kosa ni la gari.

Tathmini

Mpango una upungufu mmoja. Spika za nyuma zilibaki za kiwandani, na abiria wa nyuma hafaidi. Kwa gari ambalo mara nyingi lina watu wawili mbele, uamuzi huo unaeleweka. Kwa Noah ya familia ungekuwa kosa. Upande mwingine, mfumo huu hauhitaji kufunguliwa hadi mtaa utetemeke ili usikike vizuri, jambo lenye maana pia kisheria, kwa kuwa kelele na mitetemo vina viwango vyake chini ya kanuni za mazingira za mwaka 2015.

Mwenye nusu ya bajeti afanye hivi: apime nyaya za spika kwa betri ya rimoti, aondoe ekspanda kwa kubadili redio, azibe milango ya mbele, kisha asimame hapo. Akiwa ameshavua kapeti, apitishe kabisa waya mnene wa amplifaya na kuufunga ncha bila kuuunga kwenye betri. Fedha ya sabwufa ikipatikana mwaka ujao, kazi itakayobaki ni ya nusu siku.