Ufundi wa Chembe Inayojipanga Yenyewe

Lokandu, katika jimbo la Maniema, iko ukingoni mwa Lualaba, ukishuka na mto kutoka Kindu. Mbu huko hana likizo. Mtoto akichemka mwili usiku, neno la kwanza mdomoni mwa mama yake ni malaria, na si ajabu: kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya pili duniani baada ya Nigeria. Oktoba 2024 nchi hiyo ilianza kuwachanja watoto kwa chanjo ya malaria iitwayo R21, ikianzia jimbo la Kongo Central. Dozi moja ni nusu mililita tu, lakini ndani yake mna ufundi unaostahili kutazamwa bila haraka.

Kimelea kinachoingia na mate ya mbu hakikawii damuni. Kwa muda wa saa moja hivi kinaweza kuwa kimekwisha kujificha ndani ya ini. Kimevaa koti la protini, na katikati ya koti hilo asidi amino nne hurudiwa kwa mpangilio uleule: asparajini, alanini, asparajini, prolini; kisha tena asparajini, alanini, asparajini, prolini. Mwili uliokwisha kuujua mfuatano huo hukidaka kimelea njiani. Taabu ni kuufundisha. Kipande cha protini kikielea peke yake, askari wa mwili hawakishughulikii sana. Wanachokiamkia ni kitu chenye ukubwa na umbo la virusi, chenye alama moja iliyopangwa mara nyingi usoni pake.

Mafundi wakaenda kuazima umbo hilo kwa virusi vya homa ya ini B. Ganda lake lina protini iitwayo S, ambayo ikizalishwa pasipo virusi vyenyewe hujikusanya ikawa chembe ya mviringo yenye upana wa nanomita 20 na kidogo, isiyo na kitu cha kuambukiza ndani. Hakuna chombo kinachoikunja wala mkono unaoibana. Sehemu zake zinazokwepa maji hukimbilia mafuta na kushikamana, zile zinazoyapenda maji hubaki nje, jinsi matone ya mawese yanavyotafutana juu ya maji ya sufuria. Chanjo ya homa ya ini B itokanayo na hamira, iliyoidhinishwa mwaka 1986, ni chembe hiyohiyo.

Mwaka 1987, wanasayansi wa kampuni ambayo leo ni GSK, huko Ubelgiji, wakishirikiana na watafiti wa jeshi la Marekani, walitunga chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Walikiunga kipande cha koti la kimelea kwenye S, vikawa mnyororo mmoja, wakaipa hamira maagizo ya kuuzalisha. Mzigo ule mgeni ulikuwa mkubwa na ulizuia minyororo isisogeleane vizuri. Dawa yake ilikuwa kuchanganya S tupu, kama nne kwa kila mnyororo mmoja uliobeba malaria. Chembe ikasimama, ila sehemu kubwa ya uso wake ikawa ya homa ya ini. Hata hivyo ilifika mbali. Ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya. Kwa waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliikubali Oktoba 2021.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walianzia kwenye muundo uleule, wakaiondoa S tupu. Kwa hamira ya aina nyingine walipata chembe ambayo kila mnyororo wake umebeba kipande cha malaria, na bado ikajipanga. Hiyo ndiyo R21. Uso wake umejaa kile ambacho mwili unatakiwa kukijua, hivyo mikrogramu 5 zinamtosha mtoto, ilhali RTS,S huhitaji 25. Hata kiamsho kinachochanganywa nayo, Matrix-M, hujipanga chenyewe: dutu kutoka gome la mti wa Chile, zikikutana na mafuta, hufanya vizimba vidogo vya nanomita 40 hivi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kinga ya asilimia 75 kwa mwaka mmoja katika maeneo yenye malaria ya msimu, na asilimia 68 pale ambapo malaria haina msimu, kama Kilifi na Bagamoyo. Ni tarakimu hii ya pili inayoihusu Lokandu. Kinga hiyo hufifia, ndiyo sababu ya dozi ya nne, na chandarua kinaendelea kuwa na kazi yake.

Fundi wa kawaida husifiwa kwa alichoongeza. Hawa wa R21 wasifiwe kwa walichothubutu kuondoa. Protini ikipungua katika kila dozi, tangi moja la hamira hutoa dozi nyingi zaidi. Kiwanda cha Pune, India, kiliweza kuahidi dozi milioni 100 kwa mwaka, kila moja kwa dola 2 hadi 4. Kwa bei hiyo, chembe iliyobeba mfuatano wa asidi amino nne inaweza kweli kuandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wa Maniema.