Tarehe, Kitenzi, Bandari: Kuisoma Kumbukumbu ya HMS Battler

Kumbukumbu ya utumishi wa manowari ina umbo lake: tarehe, kitenzi, bandari. Iliwasili, iliondoka, ilisindikiza. Mtendaji ni chombo daima, hata pale tunapojua kwamba kilichosogea ni mikono ya watu. Ya HMS Battler, meli ya Uingereza ya kubeba ndege iliyolinda misafara ya Bahari ya Hindi kuanzia mwishoni mwa 1943, inafuata kanuni hiyo bila kuteleza, na hapo ndipo ubora wake na dosari yake vinapokutana.

Inaanza na kuzaliwa. Aprili 1942 Battler inashushwa majini Pascagoula, jimbo la Mississippi: bodi la meli ya mizigo, lililotandikwa sitaha ya kurukia ndege juu yake, kisha Uingereza ikakabidhiwa kwa mkopo wa vita. Ugeuzaji huo hupewa mstari mmoja, ilhali ndio unaoeleza mengine yote: kwa nini ilikamilika upesi, kwa nini haikuwa na mbio, kwa nini ilipewa kazi ya ulinzi na si ya kushambulia.

Sasa lisome polepole tukio la Machi 1944. Ndege za Battler zinaiona Brake, meli ya mafuta ya Ujerumani, kusini mwa Bahari ya Hindi, ikiwa na nyambizi zilizokuja kujaza mafuta. Manowari Roebuck inaitwa, inafyatua mizinga, na tarehe 12 Brake inazama. Hakuna sifa hata moja, hakuna majigambo. Ukavu huu naupenda. Unamwachia msomaji apime mwenyewe uzito wa meli moja ya mafuta kwa nyambizi zilizo mbali na kwao.

Lakini umbo linalofuata meli moja halioni ubavuni. Mwezi mmoja kamili kabla ya Brake kuzama, tarehe 12 Februari, meli ya askari Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Kilindini kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wengi wao wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Msafara ule ulisindikizwa na kruza moja na manowari mbili ndogo. Meli ya kubeba ndege haikuwamo. Katika safu ya Battler msiba huu hauna pa kuingia, maana Battler haikuwapo. Ziweke tarehe hizo mbili pamoja, na tukio la Machi linapata maana ambayo safu peke yake haiwezi kuitoa.

Na bara je? Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mnamo 1942, mataifa ya Muungano yalipoteza chanzo kikuu cha nyuzi za kamba za meli, yakageukia mkonge wa Tanganyika na Kenya. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni Kenya iliruhusu Waafrika washurutishwe kufanya kazi katika mashamba yaliyoitwa ya lazima kwa vita, ya mkonge yakiwamo. Thika ilikuwa nchi ya mkonge: jani lenye mwiba nchani linakatwa, linapondwa, nyuzi zinaanikwa na kufungwa marobota, kisha reli inayopitia Ruiru inayapeleka Nairobi na hatimaye pwani. Meli za vita hazifungwi gatini bila kamba.

Mtunzi wa utenzi mara nyingi hujitaja mwishoni. Lakini kumbukumbu ya manowari haimtaji mwandishi wake wala mkata mkonge. Mnara wa Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, unafanya kinyume: unaorodhesha majina ya askari, waliozama na Khedive Ismail wakiwamo. Ila nao unawahesabu waliovaa sare tu. Aliyeshurutishwa kukata mkonge Thika hayumo katika safu ya Battler, wala hayumo kwenye jiwe la Nairobi, na mwanahistoria atakayeiandika upya historia ya Battler itambidi aanzie kwenye daftari za mishahara za mashamba yale.