Jembe Lisilo na Mwaka

Aghalabu mwanafunzi aingiapo katika chumba cha vitu vya kale hukuta kila kitu kimewekewa kibandiko cha maneno machache: jembe, chuma, Wasukuma. Hunakili maneno hayo katika daftari, kisha huenda zake. Ametajiwa jina la kitu, asili yake na kabila lililokitumia. Hakuambiwa kilitumika lini, kwa amri ya nani, wala kwa malipo gani. Kibandiko cha namna hiyo hakina upungufu wa maelezo tu, bali chafundisha uongo: kwamba wazee wetu waliishi nje ya wakati, wakilima kwa jembe lile lile tangu kuumbwa kwa dunia hata walipofika Wazungu.

Na tulitazame jembe hilo tukiwa Segese, katika wilaya ya Kahama, kwenye ukanda uendao Geita ambao leo hutajwa kwa dhahabu. Katika karne ya 19 sifa ya nchi za huku ilikuwa chuma. Warongo, mafundi wa pande za Uzinza na Usumbwa, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru, wakivukuta kwa mivukuto, na majembe yao yalichukuliwa mbali, hata soko la Tabora. Jembe lile halikuwa zana ya shamba peke yake. Lilitolewa mahari, lilipelekwa kwa mtemi kuwa kodi, na msafara upitao uliweza kulipa kwa majembe hongo na chakula cha wapagazi. Kwa hiyo jembe jipya, lisilowahi kugusa udongo, lilikuwa na thamani hata mikononi mwa mtu asiyelima.

Kisha likaja jembe la kiwandani kutoka Ulaya, na utawala wa Kijerumani ukataka kodi kwa rupia. Tanuru zikapoa moja baada ya moja. Umbo la jembe halikubadilika sana, na ndiyo maana kibandiko hakioni tofauti. Lakini lilikuwa limevuliwa ufedha wake, na mhunzi naye amevuliwa heshima yake.

Baada ya Uhuru jembe likapanda cheo. Katika nembo ya Taifa limo pamoja na shoka na mkuki, vyote vitatu kazi ya mhunzi. Tena TANU na Afro-Shirazi zilipoungana tarehe 5 Februari 1977 kuunda Chama cha Mapinduzi, jembe liliwekwa pamoja na nyundo kuwa alama ya wakulima na wafanyakazi. Hapa pana jambo la kufikiri. Nyundo ile twaisoma kuwa ya mfanyakazi wa kiwandani. Ni wachache wamkumbukao Mrongo. (Washairi nao wamelisifu jembe kwa beti nyingi kuliko walivyomsifu aliyelifua.)

Kibangwa chasema habari nyingine. Kipande hicho cha mviringo, kilichokatwa katika kombe la bahari, kilivaliwa na watemi kuwa alama ya enzi, ingawa bahari iko mbali sana na Usukuma na Unyamwezi. Fahari ya utemi, basi, ilitegemea biashara ya misafara. Viwanda vya Ulaya vilipoiga umbo lake kwa kauri, alama ya mtawala ikawa bidhaa ya dukani. Serikali ilipofuta madaraka ya machifu mwaka 1963, kibangwa kilikuwa kimekwisha kupungukiwa na upekee wake. Huko Bujora, karibu na Mwanza, ngoma na viti vya watemi vimehifadhiwa katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Ni wazo zuri, kwani mtazamaji hujua mara moja kwamba vitu vile vilikuwa vya utawala, wala si mapambo.

Lakini mwalimu wa Segese hana haja ya kusafiri ili apate mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi vilipozidi, wananchi wa Kahama na Nzega waliunda Sungusungu. Walishika upinde na mishale, wakaitana kwa mwano na filimbi, na mkuu wao wakamwita mtemi: cheo kilichofutwa miaka ishirini hivi nyuma kikarudi, safari hii kwa kuchaguliwa na wanakijiji. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa kuwapa nguvu. Upinde huo ukiwekwa kando ya upinde wa babu, jicho halitaona tofauti kubwa. Kibandiko chenye mwaka na jina la cheo ndicho kitakachoionyesha.

Mashimo ya dhahabu hayachagui pa kuchimbwa, na mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi hutupwa pamoja na kokoto, kwa kuwa hayana bei. Yafaa shule ianze na kabati moja na daftari moja. Wazee walioshika upinde mwaka 1982 wangali wapo, na wanaweza kuulizwa nani aliwapa ruhusa.