Majonzi ya Rosa Mistika na Msomaji Kijana

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilipotolewa mwaka 1971 ilizusha fadhaa, na kwa muda ilikatazwa mashuleni kwa ajili ya habari zake za mapenzi. Baadaye ilikubaliwa, ikafundishwa katika shule za sekondari za Tanzania. Lakini lililo zito zaidi ndani yake si mapenzi, bali ni kwamba binti anayesimuliwa hujiua. Yafaa kuulizwa kisa cha namna hii humtenda nini kijana akisomaye.

Fasihi ya Kiswahili ilizoea kumwendea kijana kwa wosia. Mwana Kupona, katika utenzi alioutunga mwaka 1858, humwita bintiye akaribie kabla ya kumuusia. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, huwageuza ndugu wahasidi kuwa manyani, lakini mwishoni huwarudishia utu wao. Msomaji hutishwa, kisha hutulizwa. Kezilahabi hutisha, asitulize.

Hata hivyo, majonzi yake yana mwelekeo. Zakaria humpiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani kwamba hofu yatosha kuwa malezi. Rosa hutoka Ukerewe kwenda shuleni amefundwa kuwaogopa wanaume, hakufundwa kuwajua. Kwa hiyo msomaji, aonapo anguko lake, hamhukumu yeye peke yake. Hurudi kwa baba na kuuliza ni nani aliyempa binti huyu neno la uongozi badala ya fimbo. Hapo huzuni hugeuka kuwa fikira, na hiyo ndiyo faida yake.

Ila haikosekani. Misiba hufuatana upesi mno, na tumaini limepewa nafasi ndogo. Kijana ambaye mwenyewe yumo katika dhiki aweza kudhani kwamba kifo kilikuwa mlango pekee uliosalia.

Lakini ila hiyo haiponywi kwa marufuku. Kitabu kilichokatazwa husomwa kwa siri, na asomaye kwa siri hubaki peke yake na uchungu wake, kama Rosa alivyobaki na wake. Mwenye kukataza bila ya kueleza hufuata mwendo wa Zakaria. Lililo jema ni mwalimu kukisoma pamoja na wanafunzi, akiwauliza katika kila hatua ni mlango gani uliofungwa, na ni nani aliyekuwa na ufunguo.